Peupe pa Kinole

Watengeneza ramani duniani kote wamekubaliana kwamba jua linatoka kaskazini-magharibi. Sitanii. Fungua ramani yoyote yenye milima iliyotiwa kivuli, utaona mwanga unaingia kutoka pembe ya juu kushoto, na giza linakaa upande wa pili wa kila mlima. Iwe Morogoro, iwe Uswisi, jua ni hilo hilo, na halijawahi kuchomoza huko tangu Mungu aumbe dunia. Sababu ni macho yetu wenyewe. Ukileta mwanga kutoka chini ya ramani, macho yanageuza mambo: kilima kinaonekana shimo, na bonde linaonekana kilima. Nilifundishwa hayo chuoni, nikayakubali, nikafaulu mtihani. Mtu wa kwanza kuyakataa mbele yangu alikuwa mjomba wangu Pazi. Nami kwa kumpenda nikamsikiliza, ndiyo maana leo naandika haya badala ya kumpigia simu nimuulize mvua imenyeshaje.

Mjomba Pazi alikuwa kaka wa mama yangu. Kwa sisi Waluguru hilo peke yake linatosha, maana mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Mjomba akanichukua kwake Kinole, kijiji cha mlimani, akanilea yeye na mkewe, niliyemwita mama mdogo Asha, akanisomesha kwa machungwa na pilipili manga. Alikuwa mfupi, mguu wake wa kushoto ukiburuza kidogo, na alikuwa na koti la kahawia alilolivaa masika na kiangazi. Ukimwambia koti limechakaa, anakujibu kwamba hata wewe umechakaa na bado hajakutupa.

Mimi nafanya kazi Mafiga, Morogoro mjini, kwenye ofisi ya vyumba viwili. Mwenye ofisi ni Drashti, tuliyesoma naye, binti wa wenye duka la vitambaa hapa mjini. Tulipewa kazi ya kutengeneza ramani ya simu kwa ajili ya vijana wa bodaboda wanaoteremsha wagonjwa kutoka vijiji vya mlimani. Simu zao ni zile za kawaida. Ukiziwekea picha nzito zinaganda. Kwa hiyo ramani yetu haikuwa picha, ilikuwa mistari na vipande. Simu inaambiwa njia inaanzia hapa inaishia pale, inajichorea yenyewe. Shida ikabaki kwenye kivuli cha milima, ambacho kwa kawaida ni picha, tena nzito kuliko zote.

Mimi ndiye niliyepata njia ya kukikata hicho kivuli. Nikakigawa vipande vipande, kijivu chepesi, kijivu kizito na giza, kila kipande na mpaka wake, na simu ikavichora bila kulalamika. Nilijivuna, sifichi. Siku ya kwanza milima ya Uluguru ilipoinuka kwenye kioo cha simu ya Drashti nilipiga vigelegele peke yangu ofisini. Tambarare haina kivuli, kwa hiyo kuanzia mjini kwenda Ngerengere kote kulibaki peupe, na kutoka kwenye weupe huo mlima ulisimama kweli kweli.

Idi kubwa ya mwaka jana mjomba alikuja kwangu na mkungu wa ndizi. Akala pilau, akalegeza mkanda, nikamfungulia kompyuta.

"Haya mjomba, tafuta kwako."

Alitafuta kwa kidole, taratibu. Akaukuta mto, akaukuta msikiti, akapanda nao mlima mpaka akafika. Kidole kikasimama.

"Mbona nimekaa gizani?"

Nikamweleza habari za jua la kaskazini-magharibi. Nyumba yake iko upande wa mashariki wa mlima, kwa hiyo kwa jua lile ni lazima iangukie kivulini.

"Kaskazini-magharibi ni Dodoma huko," alisema. "Jua linatoka Dodoma?"

"Ni makubaliano tu, mjomba."

"Hao waliokubaliana walifika Kinole?"

Akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini ili mwanga uje kutoka upande wake. Milima yote ikadidimia pale pale. Uluguru nzima ikawa mashimo na makorongo, na mito ikapanda juu ya migongo. Mjomba alitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa umenichimbia kaburi!"

Nilicheka naye. Kisha akairudisha kompyuta mezani, akaanza kufuta miwani yake kwa pindo la koti, na mimi ninayemjua nikajua hacheki tena.

"Ile nyumba niliijenga mama yako akiwa hai," alisema. "Yeye ndiye aliyesema mlango utazame mashariki. Jua la asubuhi linaingia mpaka chini ya kitanda. Wewe mwenyewe limekuamsha miaka mingapi? Leo unawaambia watu Pazi anaishi gizani."

"Nitakutafutia jua lako, mjomba."

"Haya. Lakini usiniweke mpaka ulipate."

Nikaahidi. Usiku ule ule nikakiondoa kivuli cha upande wa Kinole kwenye ramani, kipande kizima, nikakihifadhi pembeni kwenye kompyuta yangu. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nikajaribu kuleta mwanga kutoka mashariki. Makorongo yakageuka vilima. Nikachanganya mianga mitatu; mlima ukawa ukungu mtupu. Kila nikipata kitu kinachokaribia, nilikuwa naona kasoro, na mimi nikiona kasoro silali. Vijiji vingine vyote nilivimaliza. Cha kwetu kikabaki hakina kitu, njia zimechorwa vizuri, nyumba zipo, msikiti upo, ila ardhi chini yake ni peupe pee.

Drashti aliniambia. Lazima niliseme hili, kwa sababu ni haki yake. Mwezi Januari, wiki moja kabla ya kuwapa vijana ramani, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hafidha, weka jua la kawaida. Utabadilisha baadaye."

"Bado kidogo."

"Peupe ni hatari kuliko giza. Mtu atadhani ni tambarare."

"Drashti, usinifundishe mlima wetu. Nani Kinole asiyejua kwamba kuna mlima?"

Akarudi kwenye kiti chake. Nina ulimi mkali, na watu wanaonipenda wamezoea kuniachia. Kama angenigombeza siku ile ningelia, ningenuna, halafu ningefanya alivyosema.

Wiki iliyofuata nikawafundisha wale vijana. Walikuwa thelathini na kitu, kwenye ukumbi wa kukodi, na mimi mbele yao nikiwa na fimbo kama mwalimu wa zamani. Nikawatungia maneno ili wasisahau, wakayaimba wote kwa pamoja mpaka watu wa nje wakachungulia: peupe, twende, kijivu, polepole, giza, zunguka. Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kijana anaitwa Yakobo, mtu wa Ngerengere, aliyekulia kwenye ardhi ambayo ukitupa chungwa halibingiriki. Mlima alikuwa anauona kwa mbali tu, kutoka kwao.

Mjomba alishikwa mwezi wa nne, masika imekolea. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi aliyokuwa akiificha chini ya lile koti. Alfajiri ile ikajibana. Mama mdogo Asha alinipigia simu saa moja asubuhi: tumbo limekuwa gumu, anatapika, muuguzi wa zahanati amesema ashushwe hospitali mara moja akapasuliwe. Kijana wa bodaboda wa pale Kinole alikuwa ameshuka na mzazi tangu usiku. Aliyekuwa karibu alikuwa Yakobo, yuko Mkuyuni, chini ya mlima. Akapanda kwa barabara kubwa, akafika salama. Mjomba hakuweza kujishikilia, wakamfunga kwa kanga mbili kwenye mgongo wa Yakobo, kama mtoto.

Mimi nilikwenda hospitali kuwasubiri. Kwenye ramani yetu kila kijana anaonekana kama kitone cha buluu. Nikakaa kwenye benchi nikimwangalia mjomba wangu anashuka. Saa nne kasorobo kitone kikasimama barabarani. Baadaye nilijua kwamba lori la ndizi lilikuwa limeteleza likaziba njia nzima, hata pikipiki haipiti. Kitone kikakaa dakika mbili. Kisha kikakata kushoto.

Palikuwa na njia mbili pale. Moja inazunguka na mgongo wa mlima, ndefu, inapitika. Nyingine ni mstari mfupi ulionyooka mpaka barabara ya chini. Ile fupi naijua. Nimeipita utotoni nikiwa na kuni kichwani, wakati wa kiangazi, nikishika majani kwa mikono miwili. Inateremka kwenye korongo hata mbuzi anafikiria mara mbili, na chini yake kuna kijito ambacho masika kinakuwa mto. Kwenye ramani yangu ule mstari ulikuwa umelala juu ya weupe, mzuri, mwepesi, hauna neno.

Nilisimama pale hospitali nikapiga kelele. "Siyo huko! Siyo huko!" Watu wakanitazama. Nikampigia Yakobo, hapatikani. Kitone kikaingia ndani ya weupe kidogo, kikasimama, na hakikusogea tena.

Yaliyotokea nilisimuliwa. Pikipiki iliteleza kwenye udongo mwekundu mara ya kwanza, mara ya pili ikawaburuza wote mpaka chini. Kijito kilikuwa kimejaa. Kurudi juu na mgonjwa mgongoni, udongo ukakataa. Yakobo akamfungua mjomba, akamlaza chini ya mgomba, akamfunika na koti lake la mvua, akapanda kwa magoti na mikono kutafuta watu. Walikuja na machela. Walimfikisha hospitali saa tisa alasiri. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba utumbo ulikuwa umeshakufa, na kwamba kabla ya saa sita mchana ingekuwa habari nyingine. Mjomba Pazi alifariki alfajiri iliyofuata, jua halijatoka.

Tukampandisha Kinole siku hiyo hiyo.

Yakobo alikuja msibani. Alikuwa na bandeji mkononi na matope ya jana bado yako kwenye viatu. Akawaamkia wazee, shikamoo moja moja, akapiga magoti mbele ya mkeka tuliokaa mimi na mama mdogo Asha.

"Dada Hafidha, pale palikuwa peupe," alisema. "Nikajua tambarare. Si ulituambia peupe, twende?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaomba nimwambie alikosea wapi.

"Nilimuuliza mzee vilevile," akaendelea. "Nilimwambia, mzee, njia hii inapitika? Macho alikuwa amefumba, kichwa kipo hapa begani kwangu. Akasema, ramani kaichora mpwa wangu. Fuata."

Wote walisikia, akina mama, na wazee waliokaa barazani. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, nimemuua mjomba wangu, niliuondoa mlima kwa mkono wangu huu. Mama mdogo Asha akanifinya paja.

"Siku yake ilifika," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haina makosa," wakaitikia.

Kila niliyejaribu kumwambia alinijibu hivyo hivyo. Sheikh alinijibu hivyo. Drashti aliyekuja na gari la kaka yake alinishika mkono akalia, wala hakusema ile sentensi moja aliyokuwa na haki ya kuisema. Nilizungukwa na huruma pande zote nikakosa pa kutokea. Nilitamani hata mtu mmoja anitukane.

Adhuhuri ikaswaliwa, wanaume wakainua jeneza. Ndipo akatokea Nasra.

Ukoo wa Nasra na ukoo wetu ni watani. Wao wakifiwa sisi tunakwenda kuwachekesha, tukifiwa wao wanakuja kwetu, na mtani hanuniwi hata afanye nini. Kisa cha jua na ramani alikuwa amesimuliwa na mjomba mwenyewe tangu Idi. Alikuwa ameingia chumbani kwa marehemu akavaa koti la kahawia, akavaa na miwani, akatoka akiburuza mguu wa kushoto. Mikononi ameshika ungo, anautazama kwa kuukunjia macho, anaugeuza huku na huku. Wale wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka, maana alikuwa ni Pazi mtupu, mpaka kikohozi.

Akasimama mlangoni, akaziba njia ya jeneza.

"Ngojeni kwanza," alisema kwa sauti ya mjomba. "Naangalia ramani. Mpwa wangu msomi kanichorea ramani." Kidole chake kikatembea juu ya ungo. "Mto huu hapa. Msikiti huu hapa. Na mimi ni huyu hapa. Ehe! Mbona kumenyooka? Mlima uko wapi? Nimehamia Dodoma mimi? Nimekuwa Mgogo?"

Watu wakacheka. Hata wazee barazani.

"Jamani, mpwa wangu ananipenda! Aliona mjomba atachoka na milima hii, akaniondolea. Kanitandikia mlima kama mkeka." Akanigeukia, miwani imeshuka puani. "Hafidha! Nilikuomba jua, ukanipokonya mlima?"

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilicheka. Kilinitoka kicheko kutoka tumboni, kikageuka hapo hapo kuwa kilio ambacho sijawahi kulia, hata alipokufa mama. Mtu mmoja alikuwa amelisema. Mama mdogo Asha alitaka kunishika, Nasra akamzuia kwa ungo.

"Mwache. Na jeneza halipiti hapa. Mimi Pazi siendi kuzikwa kwenye karatasi nyeupe. Nirudishieni mlima wangu kwanza."

Ni desturi yetu. Mtani akiziba njia hupewa anachodai, ndipo anasogea. Kwa kawaida hudai kuku, au kanga. Wale wanaume walisimama na jeneza mabegani, jasho linawatoka, wakinisubiri mimi.

Nikainuka. Nikaenda kwenye begi langu nikatoa kompyuta. Mtandao Kinole unapatikana kwenye pembe ya nyumba tu, karibu na mfenesi, nikachuchumaa pale na nguo yangu ya msiba. Kile kipande kilikuwepo. Kilikuwepo miezi yote ile, kimekamilika, kwa jua la kaskazini-magharibi, kinasubiri nikiruhusu. Ni kubonyeza mara mbili. Nilibonyeza, nikangoja, mtandao ukazunguka, ukazunguka, kisha mlima ukainuka. Korongo likafunguka katikati, jeusi, na ule mstari mfupi ukatumbukia ndani yake. Na nyumba ya mjomba Pazi, mlango wake ukitazama mashariki, ikaingia gizani.

Nikampelekea Nasra. Aliinama na miwani ya mjomba akatazama. Hakuigiza. Aliona mahali nyumba ilipo.

"Amekaa gizani," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Ndiyo."

"Haya." Akavua miwani, akaikunja, akanitia mkononi. "Wenzake watapita salama."

Akasogea, jeneza likatoka. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, tukabaki uani tukisikia sauti za wanaume zikipungua kwenye migomba. Yakobo naye alibaki, mkono unamuuma. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, karibu na ule mfenesi, simu yake mkononi. Nikamwona anaivuta ramani kwa vidole viwili, anaisogeza karibu, anaisogeza tena. Akatafuta barabara kubwa, akafika pale lori lilipokwama, kidole kikakata kushoto.

Kikasimama.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Dada," alisema, "hapa nisingepita."

Nikamwambia najua. Nikakaa chini karibu naye, miwani ya mjomba mkononi, tukawasubiri wanaume warudi.